Kromiamu kwenye chakula cha sato: inawasaidia kutumia wanga, au nauziwa unga tu?

Kijana_wa_Mlali

Wakuu, habari za mihangaiko. Nafuga sato kwenye matangi ya turubai huku Mlali, Mvomero. Maji ni ya kisima kirefu, masafi mpaka chini ya tangi unapaona. Chakula natengeneza mwenyewe, maana mfuko wa chakula kinachoelea siku hizi ni wa wenye nazo. Nasagisha, nachanganya kwa koleo, nakanda na maji ya moto, napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, naanika juani.

Tatizo ni hili. Vifaranga walianza vizuri, wakafika ukubwa wa kiganja, halafu wakagoma. Hawafi, wanakula kwa fujo kama kawaida, ila badala ya kukua wanaota matumbo. Nilipasua wawili wa mboga nikakuta utumbo umefunikwa mafuta meupe, na ini limepauka, ukiligusa linavunjikavunjika. Mke wangu akauliza kama hawa samaki wanalika.

Nikaenda duka la pembejeo mjini. Jamaa wa pale akanisikiliza, akasema samaki wangu "wana sukari": wanga ninaowapa mwili unashindwa kuutumia, unageuka mafuta. Akanitolea kopo la unga wa kromiamu, aina ya madini, akasema ndiyo wanayopewa nguruwe na kuku wa nyama, kijiko kimoja kwa kilo 50 za chakula, insulini (homoni ya kuitumia sukari) inaamka na samaki wanarudi kukua. Bei yake ilinifanya nirudishe kopo kwenye meza nikasema nitarudi.

Naomba kuuliza wanaojua. Samaki anaweza kupata kisukari kweli? Hii kromiamu inafanya kazi? Na kama inafanya kazi, naweka kiasi gani?

Samaki_ni_Mtaji

Mkuu nunua, usiogope. Mimi niliweka msimu uliopita na samaki walinawiri ajabu. Kweli wakati huohuo nilikuwa nimehamia chakula cha kiwandani kwa sababu mashine yangu iliharibika, lakini kromiamu ndiyo iliyofanya kazi, nilihisi kabisa.

Mama_Peleti

Samaki_ni_Mtaji, umebadilisha chakula kizima, umeongeza na unga wa kwenye kopo, halafu sifa zote umelipa kopo. Haya.

Kijana, kabla sijasema lolote naomba mchanganyiko wako. Kwa kilo, tafadhali, usiniandikie ndoo na madebe. Na uniambie unalisha mara ngapi kwa siku, na kwenye kopo pameandikwa asilimia ngapi ya kromiamu. Kama una picha ya lebo, bora zaidi.

Kijana_wa_Mlali

Shikamoo mama. Kilo 50 zangu ziko hivi: pumba za mahindi 20, unga wa muhogo 15, mashudu ya alizeti 10, dagaa wa kusaga 5. Chumvi kiganja kimoja. Zamani muhogo ulikuwa kidogo tu wa kushikishia tembe, nikauongeza kwa sababu hapa kijijini ni rahisi kuliko vyote, na tembe zinatoka ngumu nzuri.

Nalisha mara moja, jioni nikitoka shambani. Nawapa mpaka washibe.

Kwenye kopo hakuna asilimia. Kuna picha ya nguruwe, jina la kromiamu na neno "ukuaji".

Mama_Peleti

Marahaba mwanangu. Umenipa kilo, na hizo kilo zimenijibu kabla sijamaliza kusoma. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Nimefanya kazi maabara ya chakula cha mifugo na samaki sehemu kubwa ya maisha yangu, sasa nimestaafu hapa Morogoro na nina bwawa langu dogo. Hadithi ya samaki mwenye sukari nimeisikia mara nyingi, na haijatoka hewani. Kuna ukweli ndani yake, ila ni ukweli wa samaki mwingine.

Samaki wana insulini, tena ya kutosha. Tofauti yao na sisi ni kwamba kwa samaki wengi kinachoichokoza insulini itoke ni asidi amino, yaani vipande vya protini, kuliko sukari yenyewe. Wamezoea hivyo, ziwani hakuna ugali. Mchukue trauti, samaki mla nyama wa maji ya baridi. Ukimpa glukosi, sukari inakaa juu kwenye damu yake hata zaidi ya saa 24. Watafiti wa Ufaransa walichunguza ini lake wakakuta kwamba kimeng'enya cha kuipokea sukari kinaongezeka vizuri anapolishwa wanga, lakini vile vimeng'enya vya kutengeneza sukari mpya kutokana na protini havipunguzi kazi. Damu imejaa sukari na ini linaongeza nyingine. Sato hayuko hivyo. Sato anakula mwani na mabaki ya mimea, sukari ya damu yake inashuka baada ya saa chache, na wanga uliopikwa anaumeng'enya bila shida. Muuzaji wako amechukua udhaifu wa trauti akambandika sato.

Wapenda historia niwape kidogo hapa. Visiwa vya kongosho vinavyotoa insulini, kwetu sisi vimetawanyika ndani ya kongosho lote. Kwa sato vimejikusanya kwenye vinundu vyeupe vidogo karibu na nyongo, ukipasua kwa utulivu unaweza kuviona. Vinaitwa vinundu vya Brockmann, kwa jina la Mjerumani aliyevieleza karne ya 19. Mwaka 1922 John Macleod wa Toronto, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata pamoja na Frederick Banting, alikwenda pwani ya New Brunswick nchini Kanada akaitoa insulini kwenye vinundu kama hivyo vya samaki wa baharini. Palikuwa na wazo la kuitumia kama dawa ya wagonjwa, ila kongosho za ng'ombe na nguruwe zilikuwa nyingi machinjioni na kazi ikaishia huko. Sasa mtu akikwambia insulini ya samaki "imelala", mwulize amejuaje.

Twende kwenye kromiamu. Kuna kazi maarufu za Taiwan za miaka ya 1990, za Shi-Yen Shiau na wenzake, kwa sato chotara. Walionyesha kwamba kromiamu inawasaidia hao samaki kukua vizuri zaidi wanapolishwa glukosi. Hiyo ni kweli na imeandikwa. Lakini angalia walilishwa nini: glukosi, sukari tupu inayonyonywa kwa mkupuo. Na kundi hilohilo la watafiti lilionyesha pia kwamba sato aliyepewa wanga wa kawaida anakua vizuri kuliko aliyepewa glukosi, bila dawa yoyote, kwa sababu wanga humeng'enywa polepole na sukari inaingia kidogokidogo. Wewe unalisha muhogo. Hauko kwenye tatizo ambalo kromiamu ilionekana kulisaidia.

Ukitoka kwa sato matokeo yanayumba. Kwa kambale wa Marekani, wale wa mabwawa ya kusini, waliojaribu mwaka 1997 hawakuona mabadiliko yoyote katika matumizi ya glukosi. Kitabu kikubwa cha mahitaji ya lishe ya samaki na kamba kilichotolewa Marekani mwaka 2011, ambacho viwanda vingi ndicho vinachofuata, kina viwango vya fosforasi, zinki, magnesiamu, chuma, shaba, manganizi, iodini na seleniamu. Cha kromiamu hakikuwekwa. Hata kwa binadamu, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikaa mwaka 2014 ikasema haina ushahidi wa kutosha kuweka kiwango cha mtu kula kwa siku.

Kuna kichekesho kimoja cha maabara siwezi kukiacha. Oksaidi ya kromiamu ni poda ya kijani. Miaka mingi tumeitumia kama alama tu: unaichanganya kwenye chakula nusu asilimia au asilimia moja, unakusanya kinyesi cha samaki, unapima kijani kimebaki kiasi gani, ndipo unajua chakula kimemeng'enywa kwa kiwango gani. Sharti lake ni kwamba hiyo poda ipite tumboni bila kugusa kitu. Mimi mwenyewe nimekusanya hicho kinyesi cha kijani kwa mrija mpaka nikaota nacho usiku. Halafu mwaka 1995 wale wa Taiwan wakaandika kwamba kwa sato hiyo alama yenyewe inabadilisha matumizi ya wanga. Shahidi kumbe alikuwa mshirika. Tangu hapo maabara nyingi zikaanza kutazama alama nyingine.

Kuhusu kipimo. Kwa nguruwe kiwango kinachotajwa sana ni miligramu 0.2 za kromiamu kwa kilo ya chakula. Kwenye kilo 50 hizo ni miligramu 10. Kama kopo lako lina kromiamu asilimia 0.1 na nyingine ni kibebeo, miligramu 10 ziko ndani ya gramu 10 za unga, hicho kijiko kinakaribia. Kama ni kromiamu pikolineti tupu, ambayo kromiamu yake ni kama asilimia 12, miligramu 10 ziko ndani ya gramu 0.08, na kijiko chako kitakuwa kimezidisha mara nyingi sana. Kopo halisemi. Kwa hiyo hata kama ningekuwa naiamini hiyo dawa, hilo kopo nisingelifungua. Na koleo haliwezi kusambaza gramu 0.08 kwenye kilo 50. Samaki mmoja ataipata yote na wengine watasikia habari zake.

Tena kromiamu ziko aina mbili za kujali. Ile ya lishe ni kromiamu tatu. Kromiamu sita, ambayo chumvi zake ni za njano au machungwa, ni sumu na husababisha saratani. Ukiona unga wa rangi hiyo unauzwa kama kirutubisho, kimbia. Na ukiletewa "protini" ya bei ya kutupa ambayo ni mabaki ya ngozi kutoka viwandani, kataa: ngozi husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Bangladesh walipata shida hiyo kwa mabaki ya viwanda vya ngozi vya Hazaribagh, Dhaka, yaliyosagwa yakaingia kwenye chakula cha kuku na samaki.

Sasa mchanganyiko wako. Chukua penseli.

Pumba kilo 20, protini yake asilimia 10: kilo 2. Muhogo kilo 15 kwa asilimia 2.5: haifiki hata nusu kilo, ni gramu 375. Mashudu ya alizeti kilo 10, ya kwetu yenye maganda tuyape asilimia 25: kilo 2.5. Dagaa kilo 5 kwa asilimia 50, kama hawana mchanga: kilo 2.5. Jumla kilo 7.4 ndani ya 50. Hiyo ni asilimia 15.

Sato wa ukubwa wako anataka 25 mpaka 30. Umempa nusu. Na nishati umempa ya kumwaga, kwa sababu kilo 35 kati ya 50 ni pumba na muhogo. Samaki anakula mpaka ashibe, nyama haiwezi kujengwa bila protini, nishati iliyobaki lazima iende mahali, inakwenda kuzunguka utumbo na ndani ya ini. Hakuna ugonjwa hapo. Kwenye bwawa la udongo lenye maji ya kijani usingeona haraka hivi, kwa sababu mwani na wadudu wa majini wangeziba pengo. Wewe umejenga tangi safi la maji ya kisima, ambamo samaki hana kitu kingine cha kula ila unachomtupia. Kila upungufu wa koleo lako anaulipa yeye.

Ndiyo nafika kwenye madini, maana uliuliza madini. Yanayokupungukia ni fosforasi.

Kalisi sato anaweza kuivuta kwenye maji kupitia matamvua. Fosforasi hawezi, maana kwenye maji ni kidogo mno, lazima iliwe. Utaniambia pumba zina fosforasi. Zinayo, nyingi hata, lakini imefungwa kwenye fitati, yaani umbo ambalo mimea hutumia kuhifadhi fosforasi, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Inaingia mdomoni inatoka nyuma, inachafua maji yako bure. Fitati hiyohiyo inakamata na zinki. Kwa hiyo fosforasi ya kweli kwenye chakula chako inatoka kwenye mifupa ya dagaa kilo 5, na haitoshi. Sato anahitaji karibu asilimia 0.4 mpaka 0.5 ya chakula iwe fosforasi anayoweza kuitumia.

Na ndipo sukari inaporudi kwenye hadithi, kwa mlango mwingine. Fosforasi haikai kwenye mifupa tu. Sukari ikiingia kwenye seli, hatua ya kwanza kabisa ni kubandikwa fosfeti ndipo ishughulikiwe. Kuichoma ili itoe nguvu, fosfeti tena. Wajapani walipowanyima karpi fosforasi, katika majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, samaki walidumaa, walijaa mafuta mwilini, na vimeng'enya vya ini vya kutengeneza sukari mpya vikapanda. Soma tena hiyo sentensi ukiwa umeshika picha ya samaki wako. Wewe ulikuwa unauziwa madini yasiyo na kiwango huku yenye kiwango yanakosekana.

Pasua mwingine umguse mbavu na kifuniko cha matamvua. Vikiwa laini, vinapinda bila kukatika, fosforasi ndiyo hiyo.

Jaribu hivi kwa kilo 50: pumba 15, mashudu ya alizeti 13, mashudu ya soya 9, dagaa 9, muhogo 4 wa kushikishia. Kwa makadirio yaleyale, na soya nikiipa asilimia 44, unapata kilo 13.3 za protini, asilimia 26 na ushee. Juu yake ongeza DCP ya mifugo (unga wa fosfeti ya kalisi) robo mpaka nusu kilo, na premiksi ya vitamini na madini ya samaki kwa kipimo cha kwenye mfuko. Zinki, manganizi na wenzao wote wamo humo, usiwanunue mmojammoja. Gharama itapanda, sikufichi. Lakini piga hesabu kwa kilo ya samaki uliyovuna. Ukipiga kwa kilo ya chakula, muhogo utashinda kila siku.

Muhogo usiuchukie. Ukipikwa au kukandwa na maji ya moto sana wanga wake unafunguka na sato anautumia. Hakikisha tu ni makopa yaliyokauka vizuri, hasa kama ni muhogo mchungu, kwa sababu ya sumu yake.

Mwisho, acha kulisha mara moja. Wale wale wa Taiwan waliwalisha sato wanga mara sita kwa siku wakawalinganisha na waliolishwa mara mbili. Wa mara sita walikua vizuri zaidi na wanga ulitumika zaidi. Mara sita huwezi, una shamba. Mara tatu unaweza, asubuhi kabla hujatoka, mchana mtoto akirudi shule, na jioni. Chakula ni kilekile, umekigawa tu. Hiyo ndiyo kromiamu yako ya bure.

Fundi_wa_Vizimba

Mama Peleti hujambo. Mimi niko Homa Bay, nafuga ngege, sato kwenu, kwenye vizimba ziwani. Nakubaliana na hiyo ya protini. Huku wengi wetu tunanunua chakula cha kiwanda, na premiksi iko ndani tayari, lakini kuna watu bado wanaongeza unga juu yake kwa mkono, wanapaka na mafuta. Sijawahi kuona tofauti, isipokuwa kwa mfuko.

Omena, yaani dagaa, pia ni shida. Wakikaushwa chini kwa mchanga, kilo unayolipia robo yake ni ufuo. Mimi siku hizi nanunua tu wa kwenye vichanja. Chukua kikombe cha omena wa kusaga, tia kwenye maji, koroga, uone kinachobaki chini.

Swali langu: shemeji anafuga trauti huko juu Mlima Kenya, upande wa Kiganjo. Alitaka kupunguza gharama kwa kuchanganya unga wa mahindi. Kwake kromiamu inaweza kusaidia, kwa vile umesema trauti ndiye mwenye shida ya sukari?

Mama_Peleti

Sijambo mwanangu, na kipimo chako cha kikombe nimekipenda, Kijana akifanye leo.

Kwa trauti ungedhani ndiko kromiamu itang'aa, na watu walidhani hivyo. Waliojaribu mapema miaka ya 1980 hawakuona faida ya kuongeza kromiamu kwenye chakula chake. Mwambie shemeji kama anataka kupunguza unga wa samaki apunguze kwa kuweka protini nyingine, soya iliyosindikwa au wadudu, na nishati aiongeze kwa mafuta. Trauti anajua kutumia mafuta. Unga wa mahindi mwingi atabaki nao kwenye damu na kwenye ini, na maji yatachafuka.

Bwawa_la_Kijani

Mbona mimi namwaga molasi kabisa kwenye tangi na samaki wangu hawana mafuta? Molasi si sukari?

Mama_Peleti

Ni sukari, lakini samaki wako hawaili. Wanaokula ni bakteria. Ukimwaga molasi na una mashine ya hewa inayokoroga maji mchana na usiku, bakteria wanapata kaboni, wanaikamata amonia wanayoitoa samaki, hasa kupitia matamvua, wanaongezeka, wanashikana kuwa vipande vinavyoelea, na sato anavila hivyo. Sukari imeshageuka protini kabla haijafika mdomoni. Kadirio linalotumika ni gramu 20 hivi za kabohaidreti kwa kila gramu ya nitrojeni ya amonia unayotaka kuiondoa. Pima amonia kwanza. Na umeme ukikatika usiimwage siku hiyo, bakteria watakunywa oksijeni yote na asubuhi utaokota samaki.

Kijana, usimfuate huyu bila mashine ya hewa.

Kijana_wa_Mlali

Mama nashukuru sana, na wote. Nimepima dagaa wangu kwa kikombe, nimebakiwa na kitu cha kufanyia plasta. Mbavu nimezigusa, zinapinda.

Kuna mzee hapa kijijini ana mifuko ya mbolea ya Minjingu, anasema si ni fosfeti ileile, nichanganye kidogo badala ya kununua DCP. Na mwingine anasema mifupa ya ng'ombe. Kipi sahihi?

Mama_Peleti

Mbolea ya Minjingu acha shambani. Ni mwamba wa fosfeti uliochimbwa kule Manyara, na mwamba wa namna hiyo una floridi nyingi. Fosfeti ya kulisha wanyama huondolewa floridi kiwandani kwanza, ndiyo maana mfuko wake husema ni ya chakula cha mifugo. Mzee akitaka kukusaidia akupe hiyo mbolea uiweke kwenye mahindi.

Mifupa ndiyo, kwa sharti. Ichome mpaka iwe myeupe na ivunjike kwa mkono, usage, uchekeche kwa chekecheo la unga laini. Sato ana bahati moja: tumbo lake lina asidi kali sana, kwa hiyo anaweza kuyeyusha fosfeti ya mifupa kwa kiasi. Ungekuwa na karpi ningekukataza, yeye hana tumbo kabisa, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Hata kwa sato DCP inatumika vizuri kuliko majivu ya mifupa, kwa hiyo ukitumia mifupa weka kilo nzima kwa 50, na uendelee na dagaa 9.

Anza na tangi moja tu. Lingine liache kwenye chakula cha zamani kwa wiki chache, uwapime samaki kumi kumi kwa mizani kila wiki mbili, asubuhi kabla hawajala. Rudi hapa na namba, na Samaki_ni_Mtaji naye azione.